Dole la Tatu Chini ya Puti

Nyumbani, chumba cha mbele, penye cherehani
Jumapili, tarehe 11 Mei

Mpendwa mdogo wangu Puti,

Salamu zangu zikukute umekaa, maana nakujua, wewe barua huisoma umesimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni. Mgongo unaendeleaje? Ulituambia huko ghalani mmepewa mikanda ya kufunga kiunoni kabla ya kubeba mizigo. Ufunge, usijifanye ungali kijana. Wifi yangu hajambo? Na mtoto, meno ya mbele yameshaota? Mwambie picha aliyotuchorea, ile nyumba yenye madirisha kumi na mawili, bibi yake ameibandika juu ya kitanda. Mlango mmoja, madirisha kumi na mawili! Damu ya fundi vioo haijifichi.

Sisi huku tunasukuma siku. Mama mguu humsumbua asubuhi, lakini ikifika saa nne ameshausahau, yuko uani anagombana na kuku wa jirani. Jicho la kushoto limefunga kabisa. La kulia anasema linamtosha kumwona anayemdanganya.

Mimi mabega tu. Shule zinakaribia kufunguliwa na sare zimenizunguka hadi kitandani, mwezi huu nimeshona kola nyingi kuliko nilivyopiga miayo. Karakana ya baba siku hizi inauza magodoro. Meza ya kukatia vioo wameifanya kaunta, na ukiinamia vizuri bado utaiona mistari ya almasi yake ya kukatia. Nikipita pale naangalia upande wa pili.

Najua unajiuliza kwa nini barua, na simu ipo. Simu mama huiweka sauti kubwa nyumba nzima isikie. Halafu simu ina kitufe cha kukatia. Barua haina.

Kesi ya Kaka imefunguliwa upya, Puti. Rufaa itasikilizwa tarehe kumi na tisa Juni. Nitakueleza toka mwanzo, ingawa ulikuwepo, kwa sababu wakili amenifundisha kwamba kesi husimuliwa toka mwanzo hata kwa aliyekuwepo. Nilidhani ni mbwembwe za wasomi. Sasa namwelewa.

Miaka kumi na moja iliyopita duka la dawa lilivunjwa, mlinzi akapigwa akafa. Mwizi alipita dirisha la nyuma, kioo kikabaki vipande. Polisi wakachukua alama za vidole za kila aliyewahi kufanya kazi pale, wewe na Kaka mkiwemo, maana nyinyi ndio mlioweka madirisha yale miezi saba kabla. Kwenye kipande kimoja likapatikana dole gumba la Kaka. Hapo hapana ajabu. Fundi aliyeweka kioo asipoacha dole lake, nani ataacha?

Ndipo akasimama yule mtaalamu wa alama za vidole, bwana wa suti ya kijivu, akamwambia jaji kwamba alama ile haikuzidi siku mbili. Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma saa ukutani. Siku mbili maana yake usiku wa wizi, na usiku ule Kaka alikuwa amelala peke yake karakana, hana wa kumshuhudia. Akala kifungo cha maisha. Mimi na mama tangu siku ile tunamwita yule mtu Bwana Siku Mbili, kwa sababu jina lake halitupiti kooni.

Sasa sikia. Mwaka jana imegundulika kwamba Bwana Siku Mbili alikuwa na sentensi hiyo hiyo kwa kila mtu. Kesi thelathini na kitu, dole la mpishi, dole la dereva, dole la mwalimu, yote hayakuzidi siku mbili. Hakuna kipimo, hakuna dawa, hakuna mashine iliyomwambia hivyo. Wamemleta mtaalamu mwingine kupitia kazi zake, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba. Nilimuuliza yeye anajuaje umri wa alama. Akanijibu, "Sijui, dada. Hakuna anayejua. Anayesema anajua anakuuzia." Nililia mbele yake kama mtoto. Miaka kumi na moja, kisha unaambiwa hakuna aliyejua.

Wakili wetu, binti mdogo tu, naye akafukua jalada akakuta picha mbili za kipande kile cha kioo. Moja ndiyo iliyoonyeshwa mahakamani, kioo kimetakata na dole linaonekana kwenye kona ya chini. Ya pili ilipigwa kabla, na haikuwahi kuonyeshwa kwa mtu. Kona ile ile imefunikwa na ukanda wa puti kavu, ile inayoshikiza kioo kwenye fremu. Bwana Siku Mbili aliikwangua kwa wembe ili apate dole lililokuwa chini yake, akachukua dole na puti akaitupa. Dole lililo chini ya puti limewekwa kabla ya puti, jambo hilo hata kuku wa jirani analielewa.

Lakini kipande chenyewe hakipo tena, vielelezo huteketezwa baada ya miaka kadhaa. Zimebaki picha, na upande wa serikali unasema picha ya kwanza haiko wazi, huenda ni uchafu tu. Kwa hiyo, akasema wakili, tuthibitishe ile desturi ya karakana.

Unaikumbuka, Puti? Au nikukumbushe? Baba hakujua kuandika. Kila kioo alichokiweka, kabla hajakipiga puti, alichovya dole gumba kwenye vanishi akalikandamiza kona ya chini, upande wa mkono wa kushoto, akasubiri likauke, ndipo akafunika. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake. Alikuwa akisema mteja akikana kioo, wewe kwangua puti umwonyeshe mwenyewe. Aliwafundisha nyinyi wawili, mimi akanikataza kwa sababu vidole vyangu eti ni vya sindano. Nilinuna wiki nzima. Na wewe ndiye uliyepewa jina la Puti kwa sababu ulipokuwa mdogo uliila, ukidhani ni kitafunwa, baba akacheka hadi akakaa chini.

Kaka aliyasema hayo yote mbele ya jaji, baba akiwa ameshafariki, na jaji akaandika kwamba hakuna fundi mwingine aliyeyathibitisha. Sikuielewa hukumu ile. Nilidhani wamesahau kukuuliza. Miaka yote nimekuwa nikijilaumu, ningeenda mwenyewe kituoni niwaambie yupo ndugu yake, muulizeni, anajua.

Jumatano iliyopita wakili akanifungulia jalada ukurasa wa arobaini na mbili. Akaniuliza, "Hii ni sahihi ya nani?"

Yalikuwa maelezo ya shahidi kwa polisi. Niliyasoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani ni fundi mwingine. Mara ya pili nikatafuta kosa la mpiga chapa. Mara ya tatu nikaiona sahihi, ile herufi ya mwisho yenye mkia mrefu niliyokufundisha mimi, nimekushika mkono, kwenye meza hii hii ninayoandikia. Umeandika hivi, nayanukuu kwa sababu nimeyakariri bila kupenda: "Nimefanya kazi na kaka yangu miaka saba. Desturi anayoitaja siijui na sijawahi kuiona."

Puti.

Umetuuza. Sina neno la adabu zaidi ya hilo, na nimelitafuta siku nne. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami mshonaji mzima, kazi yangu kugeuza nguo za watu nje ndani, hii yetu sikuwahi kuigeuza. Yule Bwana Siku Mbili alitudanganya, sawa, lakini hakula kwetu. Wewe ulikula. Wiki sita baada ya kusaini karatasi ile ulipanda ndege umevaa koti la Kaka, na mimi ndiye niliyekazia vifungo vyake usiku wa kuamkia safari ili vikufae kwenye baridi. Ulisimama, ukaniacha nikazie, ukasema asante dada.

Nimejaribu kukutetea moyoni, usidhani sikujaribu. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili. Viza imeshagongwa. Wakili anasema wapelelezi wa wakati ule walikuwa wakiwaambia mashahidi kwamba anayejua desturi ya mshitakiwa ni mshirika wake, na huenda nawe uliambiwa hivyo, chumbani, peke yako, na dole lako lina vanishi ile ile. Mtu huogopa. Woga wa siku ile nauelewa. Woga wa miaka kumi na moja umenishinda. Kila sikukuu ulikuwa unapiga simu, unauliza, Kaka anasemaje? Ulitaka nikujibu nini?

Sikulala na machozi tu, wewe unanijua. Asubuhi yake nilichukua patasi ya baba nikaenda shule ninayoishonea sare, ambako vioo viliwekwa na karakana yetu. Mwalimu mkuu alidhani nimerukwa na akili, nilipomweleza akaniruhusu, mradi nirudishe puti nitakayoibandua. Kisha nikaenda zahanati, kazi yenu nyingine, daktari mkuu naye hakunizuia. Mama mtaalamu alikuja na wakili, na kamera, na karatasi zake, wakasimamia kila dirisha. Puti ya baba ni ngumu, haikubali mtu wa papara. Madirisha tisa tuliyafungua. Kwenye yote tisa, kona ya chini, mkono wa kushoto, dole la vanishi, limekaa pale kimya kama mtu anayesubiri kuitwa.

Manne ni ya baba, wameyalinganisha na dole alilotia kwenye hati ya kiwanja. Matatu ni ya Kaka.

Mawili, yale ya chumba cha chanjo pale zahanati, ni ya mtu wa tatu. Mama mtaalamu alisema hawezi kulitaja jina bila amri ya mahakama, aliandika tu "dole la tatu". Akanionyesha kwenye picha aliyoikuza kwamba lina mstari mweupe unaolikata katikati, pengine kovu. Pengine! Ni mimi niliyekifunga kidonda kile, ulipodaka kioo kilichokuwa kinaanguka ukiwa na miaka kumi na minne. Nilikufunga kwa kipande cha sare ya buluu, ukawa unatamba nacho mtaani eti umejeruhiwa vitani. Nilikaa kwenye benchi la akina mama wanaosubiri chanjo, nesi akaniletea maji akidhani ni presha.

Umeelewa ulichokifanya? Dole lako linasema unaijua desturi. Mkono wako unasema huijui. Mmoja wao lazima aitwe mwongo tarehe kumi na tisa.

Ijumaa nilienda kumwona Kaka. Amekuwa mweupe kichwani. Ndiye anayetengeneza madirisha ya gereza, askari wanamwita Fundi, na mmoja wao alinikaribisha kwa heshima kana kwamba nimekuja ofisini kwake. Nilimweleza habari za vioo akatabasamu, akauliza kama puti ya baba ilikuwa bado imeshika. Nikamweleza habari za ukurasa wa arobaini na mbili. Hakushtuka.

"Nilijua tangu siku ya tatu ya kesi," akasema. "Waliyasoma maelezo yake mahakamani. Wewe siku hiyo ulikuwa umempeleka mama hospitali."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema ili iwe nini? Mama alishapoteza mmoja. Nimnyang'anye na wa pili?" Kisha akasema lile ambalo sitalisahau. "Wakikuuliza dole la tatu ni la nani, sema hulijui."

Nilimwambia, "Kaka, hilo ndilo neno lililokufunga."

Aliangalia mikono yake hadi muda ukaisha. Nimetoka pale nimesalitiwa mara mbili, Puti. Wewe kwa mdomo na yeye kwa kimya, na mimi katikati miaka kumi na moja nawashonea wote wawili mashati nikidhani naijua familia yangu. Na hasira yangu kwake ni kubwa kuliko unavyofikiri. Kunihurumia hakukuhitaji kunifanya mjinga.

Mwingine ninayemfikiria ni mjane wa mlinzi. Huwa anakuja mahakamani, anakaa benchi la upande wa pili, hanisalimu. Amemchukia mtu asiye na kosa tangu wanawe wako mgongoni, na aliyemuua mumewe pengine hununua mkate dirisha moja na yeye. Siku moja nitamfuata nimwambie. Sijapata ujasiri.

Sasa ninachokitaka, nakiandika waziwazi usije ukasema Sindano alizunguka. Ndani ya bahasha hii kuna hati ya kiapo ambayo wakili ameiandaa. Ina mistari minne. Inasema desturi ya baba uliijua, uliifanya, na maelezo yako ya mwanzo hayakuwa kweli. Ipeleke kwa mwanasheria wa huko anayeapisha watu, utie sahihi mbele yake, uitume kwa njia ya haraka. Bila hati hiyo upande wa serikali utasimama useme ndugu yake wa tumbo moja, aliyefanya naye kazi miaka saba, ameikana desturi. Wakili anasema maneno hayo peke yake yanaweza kumbakisha Kaka ndani hadi afe.

Nilimuuliza kama wewe utashitakiwa kwa kusema uongo. Alisema yawezekana. Nakuambia kwa sababu katika nyumba hii nimechoka na watu wanaofichiana ili wasiumizane. Mficha maradhi, unajua mwisho wake.

La pili ni mama. Tarehe kumi na tisa atakaa benchi la mbele, ameshaniagiza nimshonee gauni. Hati yako isipokuja, nitaulizwa dole la tatu ni la nani, na nitalijibu. Sitasema silijui. Nitalitaja jina ulilopewa na baba, kisha lile la cheti cha kuzaliwa, na mama atalisikia hapo, mbele ya watu, bila wewe wala mkono wako wa kumshika. Mpigie kabla. Mwambie azime hiyo sauti kubwa, mwambie mwenyewe. Atalia, nitakuwa karibu. Lakini asilisikie kwa jaji.

Nisalimie wifi yangu, mwambie kitambaa alichonitumia nimekishona na kimenikaa. Mtoto mbusu mashavu yote mawili, aendelee kuchora madirisha. Jirani wa kuku anakusalimu. Mwalimu mkuu anakusalimu, anasema puti nimeirudisha vizuri. Kaka hakutuma salamu, alituma swali tu, kama koti bado linakutosha. Mungu akulinde na akupe kifua cha kulisema jambo hili mchana, kwa sauti yako mwenyewe.

Utaona kwamba chini ya barua, mahali ambapo enzi zile za barua mama alikuwa akikutilia dole lake badala ya salamu, pako wazi. Si kwamba hataki. Ameulizia karatasi tangu asubuhi, ameshanawa na mkono. Lakini siwezi kumtilisha dole chini ya maneno asiyoyajua, ndivyo walivyolifanyia dole la Kaka. Nimemwambia wino umekwisha. Ni uongo, kidau kimejaa, kiko hapa mbele yangu, na jicho lake moja limeniangalia muda mrefu kabla hajaenda zake kulala. Ni uongo wangu wa kwanza kwake kwa ajili yako, na ndio wa mwisho. Nafasi yake nimeiacha. Ukishazungumza naye nitamfungulia wino.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo, na leo inaniuma kukupenda,

Sindano